Mchanga wa Firauni

Kituoni walimwita Bi Kwanini, na yeye alijua wanamwita hivyo. Jina alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, alipomuuliza mwizi aliyekwisha kukiri kwa nini alibeba kiatu kimoja badala ya viwili, na kwa swali hilo moja kesi nzima ikageuka kichwa chini miguu juu. Sasa alikuwa Inspekta mwenye mvi tatu na kijitabu kisichotoka mkononi. Asubuhi hii, saa tatu na robo, alisimama mbele ya meza ya Mkuu wa Upelelezi akilitazama faili ambalo halikumwingia akilini.

"Limeiva," alisema Mkuu, akilipapasa faili kama babu anayepapasa shavu la mjukuu. "Saa nane mchana nalipeleka kwa mwendesha mashtaka. Shangazi wa chai wa ile filamu kawatilia sumu waigizaji watatu."

"Kwa nini?"

"Nilijua utaanza." Mkuu alinyoosha vidole. "Moja, wote watatu walikunywa chai yake. Mbili, daktari anasema Malkia ameingiwa na dawa ya wadudu. Tatu, kabatini kwa huyo mama tumekuta chupa ya dawa ya mende, nusu imekwisha. Nne, watu wanne walimsikia akimwambia Malkia, ninanukuu, 'Ukiendelea kuwachezea wafu, kinywa kitakukauka.' Unataka nini tena? Akuandikie barua?"

"Lakini kinywa hakikumkauka, Mkuu. Daktari ameandika alikuwa akitokwa na mate kama bomba lililopasuka."

Mkuu alivuta pumzi ndefu ya mtu anayejihurumia. "Una mpaka saa nane," alisema.

Kisa chenyewe mji mzima ulikuwa umekwisha kukimeza na kukicheua. Kulikuwa na filamu, filamu ya kutisha, inayohusu kaburi la Firauni katika Misri ya kale na laana iliyoandikwa mlangoni pake. Picha zilipigwa kwenye machimbo ya chokaa, lakini jenereta ilinguruma siku zote na kuharibu sauti, kwa hiyo waigizaji waliitwa tena, mmoja mmoja, kwenye studio ndogo ili wayarudie maneno yao mbele ya maiki. Watatu kati yao walikuwa na maneno ya laana: Kuhani aliyelifunga kaburi, Mchimbaji aliyeyasoma maandishi miaka elfu tatu baadaye, na Malkia, mke wa Firauni, aliyeamka ndani ya sanda yake na kuyarudia.

Kuhani alitapika siku nzima, akasema ni homa. Wiki iliyofuata Mchimbaji alilala kitandani siku tatu, macho yanamchuruzika. Na juzi Malkia alianguka chini pale pale studio, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano, na hadi sasa alikuwa wodini akisaidiwa kupumua. Wengine wote, askari, wapagazi, hata yule aliyevaa ngozi ya mbweha na kucheza mungu wa wafu, hawakupiga chafya hata moja. Mtaani hapakuhitajika mpelelezi. Laana ilikuwa imetoka ndani ya filamu ikaingia kazini.

Bi Kwanini alianzia chumba cha vielelezo. Aliifungua chupa ya dawa ya mende na kuinusa kwa mbali. Ilinuka mafuta ya taa kiasi cha kumtoa mtu machozi. Tangawizi gani ya kwenye chai, alijiuliza, ingeifunika harufu hiyo? Akaandika, kisha akashuka mahabusu.

Shangazi alikuwa ameketi wima juu ya benchi la saruji, miguu peku, mtandio umekunjwa mapajani. Alimwangalia Inspekta kama mtu anayemchunguza mgeni aliyechelewa chakula.

"Wewe ndiye unayeuliza maswali, mwanangu?" alisema. "Wenzako wanauliza, kisha wanajijibu wenyewe."

"Mimi huwa nasubiri. Juzi Malkia alikunywa chai saa ngapi?"

"Baada ya kazi. Siku zote nawapa kabla, koo zilainike. Lakini juzi gesi iliniishia nikakimbizana na mtungi. Nilipoingia na birika, kazi imekwisha, na yule binti analowa jasho kama nguo iliyotolewa kwenye beseni."

"Uliwaambia hivyo?"

"Niliwaambia. Wakaandika 'kabla', kwa sababu mtoto wa kaka yangu kasema kabla."

"Mwongozaji wa filamu?"

"Huyo huyo. Nimemlea tangu hajui kuvuka barabara. Hiyo studio ni banda langu la uani, nilikuwa nafugia kuku." Shangazi aliulainisha mtandio kwa kiganja. "Sisemi anadanganya. Huenda hakumbuki. Mtu akipata anachokitaka husahau vitu vidogo."

"Na yale maneno ya kinywa kukauka?"

"Alisema chai yangu ni maji ya kuoshea masufuria. Ulitaka nimwambie nini, asante?" Halafu sauti yake ikashuka. "Sikiliza, mwanangu. Nikisimamishwa mahakamani leo, hata wakiniachia mwakani, nitabaki kuwa yule mama wa sumu. Nimelisha watu miaka thelathini. Sina kazi nyingine, wala sina jina jingine."

Bi Kwanini hakumwahidi kitu. Alimwomba askari wa zamu ampe yule mama kitu cha kukalia, akatoka.

Sajini aliyekuwa akiendesha gari alikuwa mzee wa kazi, mpole, na mwoga wa mambo asiyoyaona. "Inspekta," alisema walipokata kona ya pili, "mimi nitabaki nje ya hilo banda. Mke wangu amenikataza kuitamka hiyo laana hata kwa utani."

"Kwani unaijua?"

"Nani haijui? Iko kwenye kila simu."

"Basi utakaa nyuma ya kioo cha studio na kuandika saa. Laana haipiti kwenye kioo."

Lile banda la kuku lilikuwa limepanda cheo. Kuta zilivikwa magodoro ya zamani na trei za mayai, madirisha yakazibwa kwa mbao na mablanketi, na katikati kukawekwa kioo kinene: upande huu chumba cha mitambo, upande ule chumba cha kurekodia, kidogo kama stoo. Mwongozaji aliwapokea mlangoni, kijana wa miaka thelathini, miwani ya jua juu ya paji la uso na simu mbili mkononi, zote zinalia.

"Afande, karibu. Samahani, ni watu wa majumba ya sinema. Tangu habari itoke hawanipi nafasi ya kumeza mate."

"Shangazi yako yuko mahabusu."

"Naumia sana, Afande. Wallahi naumia."

"Naona. Juzi Malkia alikunywa chai kabla ya kurekodi au baada?"

"Kabla. Huwa ni kabla."

"Sikuulizi huwa. Nakuuliza juzi."

Kijana alipapasa miwani yake. Simu moja ikalia tena, naye akaitazama kama mtu anayeomba msaada. "Nilikuwa kwenye simu," alisema hatimaye. "Lakini huwa ni kabla."

"Hapa nani alikuwa hayuko kwenye simu?"

Mwongozaji alielekeza kidole nyuma ya kioo, alikokuwa amechuchumaa mtu mwembamba akipanga vitu sakafuni: viatu vya kila namna, minyororo, kabichi nzima, vipande vya bati, shati kuukuu lililochanwachanwa. Walimwita Masikio. Ndiye aliyetengeneza kila sauti ya filamu ambayo haikutoka kinywani mwa mtu, na alipotoka kuwasalimu alimpa Inspekta mkono huku ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza salamu inavyotua.

"Viatu vyako, Afande," alisema. "Cha kushoto kimeanza kuachia gundi."

Bi Kwanini alinyanyua mguu, akatazama. Kweli soli ilikuwa imeachama kidogo kisiginoni. Alimpenda mtu huyu papo hapo, jambo ambalo kikazi halikumfurahisha.

"Una orodha ya nani alirekodi nini, na siku gani?"

Masikio alikuwa nayo, daftari la mistari, limeandikwa kwa penseli, mwandiko mdogo wa mtu mwenye subira. Inspekta aliketi juu ya kigoda akaanza kuhamisha. Malkia alikuja siku nne. Siku ya kwanza maneno ya mapenzi, ya pili kilio, ya tatu ugomvi na Firauni, ya nne laana. Siku tatu za mwanzo alikunywa chai, akaenda nyumbani mzima. Kuhani alikuja siku mbili, sala na laana; akaugua siku ya laana. Mchimbaji alikuja siku tano, na ya tano, ya laana, ndiyo ikamlaza. Chai ilikuwa ile ile, birika lile lile, na Mwongozaji na Masikio walikunywa humo humo kila siku.

Alimsukumia Sajini kijitabu. Sajini alisoma, midomo inatembea, kisha akavua kofia.

"Inspekta, mimi nilisema. Hii laana inafanya kazi."

"Inafanya kazi," Bi Kwanini alikubali. "Kitu kimoja tu kinatofautisha siku ya kuugua na siku ya kubaki mzima, nacho ni hiyo laana. Sasa nataka kujua inafanyaje kazi."

Akamgeukia Masikio. "Mtambo huwa unauzima wakati gani?"

"Siuzimi, Afande. Ukiuzima na kuuwasha unaanza na mvumo. Nauacha unarekodi toka asubuhi hadi tunafunga mlango, kisha nakata ninachotaka."

"Kwa hiyo juzi yote iko humo?"

"Yote. Hata inzi."

Mwongozaji, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, aliziweka simu zake chini.

Walisikiliza kwa spika ndogo, wanne wamebanana. Sauti ya Malkia ilijaza chumba, nzito, tamu, ya mwanamke anayejua kuamrisha. *Aligusaye jiwe hili, mchanga umjaze kifua.* Nyuma yake, kitu kikamiminika polepole, laini na baridi, mithili ya mchanga unaotiririka toka dari la kaburi. Vinyweleo vya mikono ya Sajini vilisimama. Inspekta alijikuta ameegemea mbele bila kujua.

"Hiyo ni mara ya kwanza," alisema Masikio. "Walirudia mara tisa."

Mara ya tatu Malkia alikohoa. Mara ya tano alimeza mate katikati ya neno, akaomba radhi, akacheka. Mara ya saba sauti ilikuwa na maji ndani yake. Mara ya tisa hakuimaliza, alihema tu, na huo uhemaji ulikuwa wa kutisha kuliko maneno. Mwongozaji akasikika akisema, "Hiyo hapo, hiyo ndiyo nilikuwa naitafuta, usiiguse." Kisha mlango ukafunguliwa.

*Mwanangu, mbona jasho hivyo?* Ilikuwa sauti ya Shangazi. *Kaa chini. Chai imechelewa, nisamehe, gesi iliniishia. Hii hapa.*

Kikombe kiligonga mbao. Malkia akanong'ona kitu, kiti kikaanguka, na baada ya hapo zikafuata kelele za watu wakikimbia.

"Rudisha kidogo," alisema Inspekta. "Hicho kikombe."

"Kimejaa," Masikio alisema bila kusubiri swali. "Kikombe kitupu hulia kikauvuta mlio. Kilichojaa kinasema neno moja kinanyamaza. Hakuna aliyekigusa bado."

Faili la Mkuu lilisema kikombe kilikutwa nusu. Bi Kwanini alimtazama Mwongozaji.

"Alipoanguka nilimnywesha kidogo," kijana alisema taratibu, "nikidhani itamsaidia. Nilisahau. Nimesahau kabisa, Afande."

"Umeisikia sauti ya shangazi yako?"

Kijana alivua miwani. Alikuwa akitazama sakafu ya banda la kuku.

Inspekta alimpigia Mkuu simu. Mkuu alisikiliza, akakohoa, akasema kikombe kilichojaa si ushahidi, na mtu anayedai kuvijua vikombe kwa masikio angechekwa na hakimu mpaka machozi. Kama si chai, aletewe kilichokuwa badala ya chai. Saa ya Bi Kwanini ilikuwa inasoma tano na nusu.

"Sawa," alisema Bi Kwanini akikata simu. "Nitengenezeeni laana. Kila kitu kama juzi. Mimi nitakuwa Malkia."

"Inspekta," alisema Sajini kwa unyonge.

"Wewe andika saa."

Chumba cha kurekodia kilikuwa giza, ili anayesema aone skrini. Masikio alizima kiyoyozi. Kilikuwa na mlio, alieleza. Kikiwaka, Misri ya kale inasikika kama ofisi ya benki. Mlango ukafungwa na ukanda wa sponji ukabanwa chini yake. Hewa ikawa nzito mara moja. Maiki ilikuwa moja, usawa wa kinywa, na mbele yake kibao chenye karatasi za maneno. Masikio alipanda kigoda kando yake, mkononi ana kopo kubwa.

"Kwa nini huko juu?" aliuliza Inspekta. "Kwa nini usimwage peke yako siku nyingine, mkaunganisha baadaye?"

"Bosi hataki. Anasema pumzi ya mtu na mchanga lazima viingie kwenye maiki moja kwa wakati mmoja, vinginevyo mtazamaji anahisi uongo. Na kwa kweli ana haki. Kwa hiyo nasimama hapa, namwaga kupitia begani kwake, unaangukia kwenye shuka miguuni."

"Kila laana inapotamkwa."

"Ndiyo kanuni ya filamu. Laana ikitamkwa, mchanga unashuka. Maneno mengine hayana mchanga."

"Na mchanga wenyewe?"

Masikio alitabasamu gizani, ilisikika kwenye sauti yake. "Mchanga wa kweli hauna sauti ya mchanga, Afande. Ukiumwaga mbele ya maiki utadhani mtu anakaanga vitunguu. Nilijaribu mchele, ukalia kama vioo. Chumvi, sukari, dengu. Mtama wa dukani nao umelala, sauti yake nene. Mwezi uliopita nikapata mtama mwingine, mkavu, una ganda linaloteleza. Ulipomiminika mara ya kwanza nilikaa chini. Nimetafuta sauti ile miaka sita."

Alichukua kitambaa kilichokunjwa mara nne akajifunga puani na mdomoni, fundo kisogoni.

"Hicho cha nini?"

"Pumzi zangu zisiingie," alisema kwa sauti iliyozibwa. "Kazi hii huwa navaa."

Bi Kwanini alikitazama kile kitambaa. Kisha alitoa tochi mfukoni akamulika karatasi za maneno. Alizipekua moja moja. Maneno ya mapenzi, karatasi nyeupe. Kilio, nyeupe. Ugomvi, nyeupe. Ukurasa wa laana ulikuwa na rangi ya waridi, hafifu, kama shavu lililopakwa poda, na penye alama za vidole vya Malkia weupe ulionekana. Akamulika sponji ya maiki. Nayo ilikuwa na waridi upande unaotazama begani. Akamulika juu, mkono wa Masikio ulioshika kopo. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu mpaka ndani ya kucha.

"Inspekta," sauti ya Sajini ilitoka kwenye spika ndogo ukutani, "nakuomba usiitamke."

"Sitamki," alisema Bi Kwanini. Alikuwa ameshikilia pumzi bila kujua kwa nini mwili wake ulimtangulia. "Masikio. Shuka. Taratibu, na usimwage hata punje moja."

Walitoka wote uani, kwenye jua. Aliamuru milango yote iachwe wazi, Masikio anawe kwa sabuni mpaka viwikoni, na Sajini alete glavu na mifuko ya vielelezo kutoka kwenye gari. Mchana uliifanya siri kuwa kitu cha kawaida kabisa. Ndani ya kopo mtama ulikuwa mwekundu wa kung'aa, mwekundu wa pipi.

"Hukuona rangi yake?" aliuliza.

"Niliona," alisema Masikio. Maji yalikuwa yakimchuruzika mikononi. "Sauti haina rangi, Afande."

"Kichwa hakikuumi siku hizi?"

"Kinaniuma kila jioni. Nilidhani ni hedifoni."

"Gunia liko wapi?"

Lilikuwa stoo, la nailoni, jeupe tupu, halina hata herufi. Inspekta alilizunguka mara mbili. Alivaa glavu, akalishika mdomoni, na hapo akahisi kwamba mshono ulikuwa umetazama nje, nyuzi zake zinaning'inia.

"Hili limegeuzwa."

"Mimi nililigeuza. Upande wa nje ulikuwa umechapwa rangi, unateleza, ukiugusa unakwaruza mpaka unaingia kwenye maiki. Nikamwaga mtama kwenye ndoo, nikageuza, nikarudisha. Upande mkavu ukawa nje, kimya kabisa."

"Yale maandishi uliyasoma?"

Masikio alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kama ameonja ukuta. "Gunia silisomi, Afande. Nalisikiliza."

Sajini aliumimina mtama ndani ya mifuko ya vielelezo, pole pole, uso ameugeuzia pembeni. Kisha Inspekta alilipindua gunia, na vumbi la waridi likapeperuka kidogo juani. Upande wa ndani ulitoka nje ukiwa na fuvu la kichwa na mifupa miwili, kubwa kama sahani. *Mbegu ya kupanda tu. Imetiwa dawa ya kuua wadudu. Si chakula cha watu wala mifugo. Usivute vumbi lake.* Chini yake, kwa herufi ndogo, jina refu la dawa.

Sajini alirudi nyuma hatua mbili. Kila mmoja, Bi Kwanini aliona, alikuwa akihesabu kivyake. Kila mara mtama ulipomwagwa na kuzolewa, ganda lilisuguana, vumbi likaongezeka. Kuhani alilivuta likiwa changa. Mchimbaji lilipokomaa. Malkia, mara tisa, uso kwa uso, mlango umezibwa, kiyoyozi kimezimwa. Na mmwagaji alikuwa amejifunga kitambaa.

Mwongozaji aliketi kwenye ngazi ya banda. "Mimi ndiye niliyesema arudie mara tisa," alisema.

Inspekta alimpigia daktari kwanza, akamsomea jina la dawa herufi kwa herufi. Upande wa pili karatasi zilipekuliwa.

"Afadhali," alisema daktari. "Tangu juzi nazuia dalili tu. Sasa najua nampa nini na kwa siku ngapi. Ameanza kupumua mwenyewe saa moja iliyopita. Na hao wengine wawili waleteni leo."

"Naleta watatu. Kuna mtu mwenye vidole vyekundu."

Halafu akampigia Mkuu. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

"Mtama," alisema Mkuu.

"Mtama wa mbegu. Nina gunia, kopo, ukurasa wenye vumbi, na rekodi inayoonyesha ugonjwa umetangulia chai. Vyote vinakwenda kwa mkemia."

"Kwa hiyo nimshitaki nani, Bi Kwanini? Nimekwisha kuwaambia waandishi waje saa nane."

"Kwanza mwachie mmoja. Hao waandishi waambie hivyo."

Upande wa pili faili lilifungwa. Kisha, kwa shingo upande, "Njoo usaini."

Saa saba na nusu Shangazi alikuwa kaunta, akivaa viatu vyake bila haraka, mguu mmoja, kisha mwingine. Askari wa zamu alimrudishia pochi na funguo naye akavikagua. Mwongozaji alikuwa amesimama karibu na mlango, miwani mkononi, hajui aiweke wapi.

"Shangazi," alisema.

"Nyumbani," alijibu bila kumtazama. "Mambo ya nyumbani tutayasema nyumbani, na utayasema umekaa chini."

Masikio alikuwa ameomba apitishwe hapo kabla ya hospitali. Alimweleza Shangazi kwa kinywa chake, kichwa chini, toka mchanga hadi gunia. Alisema juzi alipoona wanamchukua alijua kikombe kilikuwa kimejaa, lakini hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Bi Kwanini alitarajia kofi, au machozi. Badala yake yule mama alikunja uso kama anayeonja mchuzi wenye kasoro.

"Hilo gunia ulilitoa wapi?"

"Nyuma ya ghala la pembejeo, Shangazi. Magunia yalitupwa hapo, yamepitwa na muda. Niliyagonga moja moja kwa kidole, nikachukua lililolia vizuri."

"Yalikuwa mangapi?"

"Saba."

Kalamu ya Bi Kwanini ilisimama juu ya fomu ya kumwachia.

"Na hayo sita?" aliuliza Shangazi.

"Nilirudi siku ya pili kuongeza. Sikuyakuta." Masikio alinyanyua macho. "Kulikuwa na alama za mkokoteni."

Simu ya kaunta ililia na hakuna aliyeipokea. Shangazi alijitanda mtandio, akauzungusha vizuri shingoni, akaweka funguo ndani ya pochi na pochi kwapani.

"Mtama ukioshwa vizuri rangi hutoka," alisema. "Ukishaoshwa, nani atajua? Kuna akina mama wanaosaga unga wa uji nyuma ya lile ghala, mitaa yote miwili. Nawajua wote, wengine tumeanza biashara pamoja." Akamtazama Inspekta kuanzia kofia hadi kile kiatu cha kushoto. "Wewe na sare yako mkibisha hodi, watafunga milango na kuficha magunia chini ya vitanda. Mimi watanifungulia."

"Umelala hapa siku mbili, mama. Nenda kapumzike kwanza."

"Watoto wanakunywa uji jioni," alisema Shangazi, na alikuwa amekwisha kutoka nje, akimuuliza Sajini gari ni lipi.